Bidoni Mbili za Kifuniko cha Buluu

Namba ilianzia mia nane. Ilitokea kwenye kioo kidogo nyuma ya usukani, chini ya taa ya rangi ya chungwa, pamoja na maneno ya Kifaransa yaliyosema kwamba kilomita mia nane zikiisha, gari halitawaka tena. Dereva wetu aliyasoma mara mbili kwa sauti. Kisha akaniuliza kama mimi, niliyefanya kazi depo ya reli mpaka nywele zikawa nyeupe, nimewahi kuona mashine inayojitangazia siku yake ya kufa. Nilimwambia hapana. Kwenye reli mashine zilikufa kama watu, bila kutaja saa.

Akalipigapiga gari begani, pale juu ya gurudumu. "Weye una bahati," akaliambia. "Sisi wengine hatujui yetu."

Sikujua bado kwamba namba ile na ahadi niliyompa mzee mmoja wa Katanika mbele ya mkewe vilikuwa jambo moja.

Gari lilikuwa la msikiti. Mfanyabiashara mmoja wa jamaa zetu alilinunua likiwa limechoka huko Ulaya, likashushwa Dar es Salaam, likapanda treni mpaka Kigoma na kuvushwa ziwa hadi kwetu Kalemie, upande wa Kongo. Lilikuwa limekwisha kutembea zaidi ya kilomita laki nne kabla halijaona vumbi letu. Miaka ile watu walitoka vijijini kwa makundi wakikimbia vita, wengine na vidonda vya mishale, wakajenga vibanda vya turubai pale Katanika, nje ya mji. Asubuhi gari lilichukua wagonjwa kutoka huko kuwapeleka hospitali na kuwarudisha. Akifa mtu, viti vya nyuma vilikunjwa, likabeba maiti. Mimi nilikuwa na kazi mbili: kulitunza gari, na kuosha maiti wa kiume. Mungu alinipa nguvu za kufanya zote mbili katika uzee, na ninamshukuru hata leo, ingawa nitaeleza jinsi kazi hizo mbili zilivyogusana mahali pasipotakiwa.

Magari ya dizeli ya namna ile yana tangi la pili, dogo, mbali na la mafuta. Hutiwa maji maalumu ya kiwandani, maangavu kama maji ya kunywa, ambayo hupulizwa kidogo kidogo ndani ya bomba la moshi ili moshi utoke safi. Ndani yake mna urea, ileile ya mbolea, na kwa sababu hiyo mji mzima ulisema gari la msikiti linakunywa mkojo. Yalitujia kwa mashua kutoka Kigoma, katika bidoni, madumu ya plastiki ya lita kumi yenye kifuniko cha buluu. Bidoni zile zilikuwa nzuri, ngumu, safi kuliko chombo chochote tulichokuwa nacho. Nilizikosha tupu zake na kuziweka. Nililelewa na watu wasiotupa kitu kizuri.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Anayejua uoshaji wa maiti anajua kwamba maji ya mwisho hutiwa kafuri. Zamani tulikuwa tunayachanganya palepale, mtu akishalazwa kwenye ubao. Lakini vilio, yaani misiba, vilipokuwa vingi, nikaanza kutayarisha maji ya kafuri mapema, nikiyaweka ndani ya bidoni zile tupu katika stoo ya msikiti, kando ya zile zenye maji ya gari. Ili nisikosee, nilifunga kitambaa chembamba cha sanda kwenye mkono wa kila bidoni ya kafuri. Alama hiyo ilitosha. Miezi mingi ilitosha.

Basi akafariki mzee mmoja pale Katanika.

Nilimjua siku zake za mwisho tu. Alikuwa mkulima kutoka sehemu iitwayo Bendera. Yeye na mkewe walitembea siku tisa kwa miguu, wakilala porini, na njiani mke alichomwa na kisiki mguuni. Walifika Katanika wakati wa mvua. Mzee alikuwa na homa na kuhara, na kibanda chao kilikuwa bondeni, mahali maji machafu yanapokusanyika. Niliitwa kumsomea. Alinishika mkono, akaniambia jambo moja tu, na alilisema kwa aibu, kama mtu anayeomba zawadi kubwa.

"Papa, musinizike na hii matope. Munioshe na maji safi."

Nilimwahidi. Mke wake alikuwa amekaa miguuni pake, akanitazama ili ajue kama nimeahidi kweli.

Alikufa Jumanne. Tulimleta stoo, kwa kuwa chumba cha kuoshea kiko nyuma yake. Sanda wiki hiyo ilikuwa imepungua, mashua haikuwa imekuja, na kitambaa tulichokuwa nacho kilitosha mwili tu, bila kipande cha kufungia kidevu. Kinywa cha marehemu kisipofungwa mapema kinabaki wazi. Nilitazama huku na huku, nikaona kile kitambaa kwenye mkono wa bidoni ya kafuri. Nikakifungua, nikamfunga nacho kidevu. Nilisema moyoni: zimebaki mbili tu, nitakumbuka, ni hii ya kushoto.

Nilimwosha kwa muda mrefu kuliko kawaida. Matope yalikuwa yameingia kwenye kucha na katika mikunjo ya masikio. Nilimwosha kwa maji ya majani ya mkunazi, kisha kwa maji matupu mengi mpaka yalipoanguka kwenye saruji bila rangi yoyote, kisha nikachukua bidoni na kummiminia ya mwisho kuanzia kichwani. Nilitumia nusu. Sikusikia harufu tofauti. Chumba kile chote kilinuka kafuri, kuta zake na nguo zangu, na pua yangu ilikuwa haiisikii tena. Nilipokuwa namvika sanda niliona weupe kidogo kwenye ndevu zake, kama unga. Nikadhani ni kafuri. Nikafunika.

Kesho yake nilikwenda Katanika kumpa pole mjane. Alikuwa ameanza eda, amekaa mlangoni na kitambaa cheupe kichwani, mguu umenyooshwa. Hakuniuliza habari za kaburi wala watu wangapi walisali.

"Mulimuosha muzuri?"

"Muzuri, Mama."

"Na maji safi?"

"Safi kabisa."

Alifumba macho, akasema alhamdulillahi mara nyingi kwa sauti ya chini. Siku zilizofuata, kila aliponiona aliniuliza tena maswali hayohayo mawili, na mimi nikajibu vilevile. Hayakuwa mashaka. Alikuwa anajilisha majibu yale, kijiko baada ya kijiko.

Wiki moja baada ya mazishi gari liliomba maji yake. Nikaenda stoo, nikachukua bidoni iliyojaa, nikasema bismillahi na kumimina lita zote kumi. Mdomo wa tangi lile uko ndani ya gari, nyuma, chini ya zulia, mahali palepale tunapoweka jeneza. Siku mbili baadaye taa ikawaka, na namba ikaanza kushuka.

Kwenda Katanika na kurudi ni karibu kilomita ishirini. Mtu yeyote anaweza kupiga hesabu ya safari zilizobaki. Mjane yule alikuwa miongoni mwa wagonjwa wetu, kwa sababu kidonda chake kilipaswa kusafishwa hospitali kila baada ya siku moja, na daktari alisema wazi kwamba kikiachwa, mguu utakatwa. Shariah inamruhusu mwenye eda kutoka kwa dharura kama hiyo. Gari likifa, hakuna pikipiki ambayo ingemfikisha na mguu ule bila kuufungua upya.

Tulianza kutafuta ugonjwa wa gari. Dereva alimleta fundi wa umeme, mtu mwembamba mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, kinachoandika makosa ya gari kwenye simu. Simu ikaonyesha makosa matatu. Fundi akaeleza kwamba yote matatu yanasema kitu kimoja: moshi hausafishwi. Sababu ingeweza kuwa pampu, au kipulizio kilichoziba, au kile kifaa kidogo kinachonusa moshi kwenye bomba, ambacho yeye alikiita kapteri, au waya uliooza. Gari lililotembea kilomita laki nne, alisema, lina haki ya kuumwa popote.

Tukaanza na waya, kwa kuwa ni rahisi. Tulifuata kila uzi kutoka tangini hadi kwenye bomba, tukasugua vichwa vyake, tukafunga upya. Namba ikasoma mia sita na kumi. Tukafungua kipulizio, tukakikuta kimezungukwa na chumvi nyeupe ngumu. Fundi akafurahi. Akasema huo ndio ugonjwa, chumvi hiyo ni urea iliyokauka, magari mengi ya umri huu hufa kwa sababu yake. Tukaichemshia maji, ikayeyuka kama sukari, tukakirudisha. Akafuta makosa kwa simu yake. Taa ikazimika, na dereva akaimba njia nzima ya kwenda Katanika. Wakati wa kurudi, karibu na daraja la Lukuga, taa ikarudi na namba ikawa pale ilipokuwa, imepungua kwa safari tuliyoifanya. Gari halikusahau hata kilomita moja.

Kwenye depo, nikiwa kijana, mkubwa wetu alitufundisha kwamba mashine ikiugua, kabla ya kugusa chuma chake, gusa ulichokitia ndani yake. Mafuta, maji, mchanga wa breki. Nilifundisha wengine vivyo hivyo. Dereva, ambaye hakuwa fundi, ndiye aliyelikumbuka jambo hilo bila kufundishwa. Siku moja tukiwa tumelala chini ya gari aliniuliza polepole.

"Papa, na ile maji yenyewe? Uko na hakika nayo?"

"Nilimimina mimi mwenyewe."

"Aa. Basi kama njo weye ulimimina, nanyamaza."

Akanyamaza kweli. Kwetu mtu hamwambii mzee kwamba huenda mkono wake umekosea, hasa mkono uliosema bismillahi. Nami nilifurahi kwamba ananyamaza. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi kuliko mengine yote.

Kisha harufu ikaanza. Nyuma ya gari, jua likichoma, palitoka kafuri. Mwanzoni ilikuwa kidogo, kisha hata mtu aliyekaa mbele aliisikia. Dereva akasema, "Hii motokari iko inanuka kilio," na sote tukaona ni kawaida, kwa kuwa lilibeba maiti. Tukaosha zulia, tukaacha milango wazi siku nzima. Harufu ikabaki. Pale Katanika watu walikuwa wanajua habari za namba, kwa kuwa dereva hakuweza kunyamaza nazo, na wakaunganisha namba na harufu. Wakasema yule mzee wa bondeni hajashuka garini. Wakasema anahesabu. Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani walimtania dereva akipita, wakimwuliza, "Papa dereva, leo mzee amekuambia ngapi?" na yeye, badala ya kukasirika, aliwatajia. Mia nne. Mia tatu na sitini. Wakacheka, lakini wagonjwa wakapungua. Mama mmoja alimshusha mtoto wake mwenye homa akiwa amekwisha kukaa, akaenda kwa miguu.

Mjane peke yake ndiye aliyeendelea kupanda. Nilimwambia asiwasikilize. Akanitazama kama mtu niliyesema jambo la ajabu.

"Kama njo yeye, nitakaa karibu. Tulitembea siku tisa kwa mguu, hakuniacha. Leo iko na motokari, nishuke?"

Akakaa nyuma kabisa, juu ya zulia, karibu na mahali pale harufu ilipotokea. Kila safari alikaa hapo. Nilimtazama katika kioo cha dereva: alikuwa ameweka kiganja sakafuni, amefumba macho.

Namba ilipofika mia moja na arobaini, fundi alikuwa amekata tamaa. Alisema imebaki kapteri, na hiyo haipatikani mpaka Dar. Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, nilikaa nyuma ya gari peke yangu, mlango uko wazi. Nikafungua kifuniko cha tangi dogo, nikainamisha uso wangu pale. Maji yale ya kiwandani yana harufu ya kuchoma kidogo, kama ya banda la mbuzi. Nilichokisikia mimi kilikuwa harufu ya ubao wa kuoshea.

Sikutaka kuinuka, kwa sababu nilijua kwamba nikiinuka nitakuwa nimeshajua.

Niliingiza mpira, nikavuta maji kidogo kwa bomba la sindano, nikayatia kwenye kikombe. Nikaenda stoo. Kulikuwa na bidoni ileile ya nusu, haina kitambaa, mahali nilipoiacha Jumanne ile. Nikachota humo pia. Nikachukua kipande cha bati lililopakwa rangi nyeusi, masalio ya paa, nikadondosha matone mawili mbali mbali: upande huu maji ya tangini, upande ule maji ya bidoni. Nikaliweka juani, nikaketi mbele yake. Hilo nililijua tangu depo. Maji yenye kitu yakikauka hukiacha.

Tone la tangini lilikauka likatoweka, likaacha bati jeusi kama lilivyokuwa. Tone la bidoni lilianza kuwa jeupe pembeni, weupe ukatambaa kuelekea katikati, likabaki duara la chumvi ngumu, ileile tuliyoikuta kwenye kipulizio. Ni weupe uleule niliouona kwenye ndevu za mzee.

Gari lilikuwa limekunywa maji ya maiti. Na mzee aliyeomba jambo moja tu, mimi nilimmiminia maji ya gari.

Fikihi ilinijibu haraka, kwa kuwa nimeisoma na kuifundisha. Urea ile hutengenezwa kiwandani, si mkojo wa kiumbe, si najisi. Josho la faradhi lilikuwa limetimia kwa yale maji matupu kabla yake, na kafuri ni sunna tu. Imamu wetu, nilipomweleza, alisema hayohayo na kuongeza kwamba nisilitangaze jambo la kuwasumbua watu bure. Nilimshukuru. Lakini usiku na mchana niliona duara lile jeupe. Nilijiambia kwamba maneno yangu kwa mjane bado ni kweli kwa njia fulani, na kadiri nilivyoyageuza ndivyo yalivyozidi kuninukia vibaya.

Gari ndilo lililonilazimisha. Tulilikausha tangi, tukalisuuza kwa maji ya mvua tuliyoyachuja kwa kitambaa. Sasa lilihitaji maji yake ya kweli, na mashua ya Kigoma ilikuwa haijaja. Upande wa pili wa ziwa palikuwa na matatizo ya karatasi za forodha. Fundi alisema lita tano zingetosha kulifanya gari liyatambue. Mjini kote lita tano zilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya ile bidoni ya nusu. Dereva hakujua habari yake, akanyoosha mkono kuichukua. Nikamzuia. Nilimwambia kwamba nusu ya kwanza ina mwenyewe, na sitaimimina nusu ya pili bila ruhusa.

Tukaenda Katanika. Namba ilikuwa arobaini na sita.

Nilimkuta mjane mlangoni pake. Nilikaa chini, nikaweka bidoni na bati kati yetu. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu: kitambaa cha kidevu, bidoni ya kushoto, weupe wa ndevu, harufu ya tangi. Sikumficha kwamba mara zote zile nilimjibu "safi kabisa" bila kujua nilichokuwa nikisema. Alisikiliza bila kusogea. Nilipomaliza aliuliza kama ni ile kitu watu wanasema mkojo. Nilimwambia si mkojo, nikamweleza kinavyotengenezwa, nikamweleza neno la sheria. Alitikisa kichwa kama anayekung'uta mvua.

"Papa, ile siku uliniambia ameoshwa na maji safi, nililala. Nilikuwa sijalala tangu tumetoka kwetu. Sasa umeniamusha, unataka nifanye nini?"

Miaka mingi nimekaa mbele ya watu wenye misiba na sikukosa aya ya kusoma. Siku ile nilikosa.

Alilichukua bati, akaligeuza juani. Akaligusa duara lile jeupe kwa kidole, taratibu, akasugua kidole na gumba. Akalinusa. Akauliza kama maji yale yalimchoma ngozi. Nilisema maiti haumwi na maji, na kwamba hata aliye hai akiyanawa hayamchomi. Akauliza kama yalikuwa na matope. Nikasema hayakuwa na matope hata chembe. Kisha akauliza imebaki ngapi kwenye motokari.

"Arobaini na sita."

Alihesabu kwa midomo. Safari mbili na kidogo. Akautazama mguu wake.

"Basi mupe motokari," alisema. "Yeye asingeninyima." Nilipotaka kuinuka akaninyooshea kiganja nibaki. Akaingia ndani akijikokota, akatoka na kibuyu cha plastiki, cha lita mbili au tatu. Maji aliyoyapangia foleni bombani tangu alfajiri. Aliniwekea mapajani. "Na weye usiende hivi hivi. Mumwagie haya. Haya nimeyachota mwenyewe, nayajua."

Eda haikumruhusu kufika makaburini, kwa hiyo nilikwenda badala yake, siku ileile. Dereva alibaki nje kando ya gari. Nilimwaga maji yale juu ya kaburi kuanzia kichwani, polepole, kama nilivyopaswa kufanya Jumanne ile, nikiomba msamaha kwa kila mfumbato wa udongo uliolowa. Udongo ukayanywa yote. Nilisubiri nione kama utaacha weupe. Haukuacha.

Tulimimina zile lita tano. Fundi akafuta makosa. Gari halikuamini mara moja. Lilihesabu bado, thelathini, ishirini na mbili, huku dereva akishika usukani kana kwamba ameshika mkono wa mgonjwa. Asubuhi ya siku ya pili alipowasha, maneno ya Kifaransa hayakuwepo, wala taa, wala namba. Akakaa akitazama kioo kile kitupu. Mashua ilikuja wiki moja baadaye na bidoni nne.

Tangu hapo, kabla ya maji ya mwisho, mimi hudondosha tone kwenye lile bati na kungoja likauke. Wakati wa masika huchukua muda mrefu. Wenzangu husimama na ndoo zao wakiningoja, na marehemu naye hungoja, na hakuna anayeniharakisha.

Wagonjwa walirudi, kwa kuwa harufu ilikwisha. Mvua ya asubuhi ile ya kwanza tulipompitia mjane bado naikumbuka. Alipanda, akaenda kukaa nyuma kabisa kama kawaida yake, akaweka kiganja sakafuni. Aliinama, akavuta pumzi. Akavuta tena. Nilikuwa nimemweleza mwenyewe kwamba ni kafuri tu iliyokuwa ndani ya tangi, naye alikuwa ameelewa, si mtu mjinga. Tulipita daraja, tukapita soko. Karibu na hospitali aliinuka kutoka pale chini, akaja kukaa kwenye kiti pamoja na wengine, akajifunika vizuri.

"Ameshuka," alisema.

Dereva aliniangalia. Mimi niliangalia mbele, barabarani, na sikumsahihisha.